Mtawa Mdogo Ana Kilo Ngapi?

Mlio nami tangu juma la kwanza mnajua nimekwisha kuaibika mara tatu, na mwezi haujaandama.

Kwa anayeingia leo, nitasema upesi. Dada yangu Duean anafanya kazi kiwandani Chonburi, mbali huko pwani. Mwanawe wa miaka tisa, Khanun, tunaishi naye hapa kijijini Nong Phluang, mimi na mama yangu, tangu hajaota meno. Mwezi wa pili muuguzi wa zahanati, Orathai, alimpandisha mizani: kilo hamsini na nne. Kisha akatuonyesha weusi uliojitanda shingoni mwake.

"Huu si uchafu, Bibi, usiusugue," alimwambia mama yangu. "Sukari inaanza kumwandama."

Dada akapiga simu siku hiyo hiyo. Sikukuu ya mwaka mpya wetu, mwezi wa nne, atakuja. Akimkuta mtoto bado anazidi kunenepa, atamchukua akaishi naye Chonburi. Chumba chake cha kupanga nimekiona. Mtoto angeshinda humo peke yake, mlango umefungwa kwa nje, yeye na televisheni na katoni ya tambi.

Ndipo mdomo wangu ukaniponza. "Dada," nikasema, "ukija utamkuta na kilo hamsini. Zisipokuwa hamsini, mchukue."

Muuguzi hakusema hamsini. Hakuna aliyesema hamsini. Ni mimi Khamphan, kwa kiburi changu, kwa sababu hamsini inajaza kinywa.

Mmesoma nilivyomkimbiza nyuma ya nyati wetu, nyati akachoka kabla ya mtoto, wakarudi nyumbani mmoja juu ya mwenziwe. Mmesoma nilivyotia jokofu kufuli na mama yangu akalivunja kwa mchi. Leo naungama la nne. Hili ni baya kuliko yote, maana nililiingiza hekalu zima.

*

Wazo lilinijia nikimtazama Mtawa Mkuu. Mzee wa miaka sabini, mwembamba kama ufito wa ua. Nikajiuliza siri yake. Jibu likaja lenyewe: watawa hawagusi chakula kuanzia saa sita mchana hadi alfajiri!

Na kila likizo ya kiangazi wavulana wetu hunyolewa wakawa watawa wadogo kwa wiki tatu. Bure. Chini ya ulinzi. Bila bibi.

Nilimfuata mama jikoni.

"Mama, likizo hii Khanun ataingia utawa."

Mama akaacha kutwanga pilipili. Machozi yakamlengalenga. Kwetu bibi anaamini atapanda peponi kwa kushika upindo wa joho la mjukuu.

"Kumbe una moyo, mwanangu! Miaka yote hii nilidhani una tumbo tu."

"Moyo ninao, Mama." Habari za kilo nikazimeza.

Mtoto mwenyewe alikuwa kizingitini. "Mjomba, watawa wanakula nini?"

"Wanachopewa."

"Na wakipewa kingi?"

Angalieni. Mtoto wa miaka tisa aliliona shimo. Mimi nikalipita juu nikipiga mluzi.

*

Alinyolewa nywele na nyusi pamoja na wavulana wengine kumi na mmoja. Alipotoka na joho lake la manjano, kichwa kinang'aa, mashavu yamejaa, tabasamu limekwenda sikio hadi sikio, wanawake wote uani wakashika vifua.

"Jamani! Si yule yule?"

Langoni mwa hekalu letu kuna sanamu ya mtawa mnene anayecheka. Watu humwekea maua wakiomba ghala lijae. Sasa walimwona amepata miguu.

Kesho yake alfajiri watawa wakatoka kwa mstari kupokea sadaka, peku, kila mmoja na bakuli lake. Mimi nilifuata nyuma na vikapu, kubeba kinachozidi. Wavulana wengine walipewa donge la wali wa kunata, moja moja. Khanun alipewa madonge matatu, nyama ya kuchoma vijitini, mayai, na wali wa nazi uliookwa ndani ya mwanzi. Hajafika nyumba ya tano, bakuli halifungi.

Nikamsogelea mama mmoja, kwa adabu. "Mama, tafadhali, huyu msimpe vitu vitamu."

"Unanizuilia thawabu yangu, Khamphan?"

"Thawabu yenyewe ina nazi na sukari guru, Mama."

"Wewe ni nani, muuza tikiti za peponi? Kaa kando, unaniziba." Akaunganisha viganja mbele ya mpwa wangu, akainama. "Pokea, Mtukufu wangu. Pokea na hiki."

Mtawa harudishi sadaka. Ndiyo kanuni. Mtukufu wangu akapokea.

Nikajipa moyo: basi, saa sita itafika. Saa sita ikafika, vyombo vikafungwa. Saa nane wakaanza kuingia akina mama na madumu. Kumbe baada ya saa sita mtawa hatafuni, lakini kunywa anaruhusiwa! Maji ya miwa. Chai ya barafu ambayo kijiko kinasimama wima kwa sukari.

"Maskini, hajala tangu asubuhi," wanasema, wanammiminia.

Wiki ilipoisha nilimpeleka, mfuko wake begani, kwa Mzee Phrom, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwenye mizani yake ya magunia. Mshale ukapanda, ukapita ulipotakiwa kusimama, ukaendelea na safari zake.

"Hamsini na tano!" Nilipiga kelele mpaka njiwa wakaruka darini. "Hamsini na tano! Huyu mtoto anakula hata mwangwi!"

Watu waliokuja kukoboa mpunga walinisikia. Kijiji kizima kilinisikia. Hilo ndilo kosa langu la pili katika kisa hiki, na hamwezi kulielewa mpaka niwaambie kesho yake ilikuwa siku gani.

*

Ilikuwa siku ya bahati nasibu ya taifa.

Saa kumi jioni nambari mbili za mwisho zikatangazwa redioni. Tano na tano.

Akina mama watatu waliokuwa kwa Mzee Phrom walikuwa wamezinunua. Mmoja alianguka kisimani kwa furaha. Tulimtoa mzima, anacheka. Kabla jua halijazama, uwanja wetu umejaa watu.

"Khamphan, mtawa mdogo sasa ana kilo ngapi?"

"Sijui! Tokeni hapa!"

"Ana kilo ngapi takriban?"

"Wewe mjomba wake usijue?"

Kuanzia hapo sikupata kusalimiwa. Sokoni, shambani, chooni nikiwa ndani na mlango umefungwa: "Mtawa mdogo ana kilo ngapi?" Droo nyingine ilikuwa tarehe kumi na sita. Wakaafikiana, bila kuniuliza, kwamba mtoto apimwe hadharani mkesha wa sikukuu, siku ile ile dada yangu anashuka basi.

Tena si kwamba walingoja tu nambari ije. Ah, ningesema nini kama wangengoja! Kila mtu alichagua yake kwanza, halafu akaanza kuisaidia.

Waliochagua hamsini na saba walileta miguu ya nguruwe. Waliochagua hamsini na moja walihamisha njia ya sadaka ipite kijiji cha ng'ambo ya mashamba, kilomita mbili zaidi, ati huko nako kuna wahitaji wa thawabu. Mzee Phrom, kiongozi wa hamsini na moja, alitoa hata mafagio mapya hekaluni. Mama yangu mzazi alikuwa mwenyekiti wa hamsini na saba.

"Mama! Mjukuu wako ataugua!"

"Nimeota, Khamphan. Tembo saba wamebeba hamsini kwenye mkonga."

"Hamsini nini?"

"Ndoto haikusema. Mimi niibishie?"

Na sasa naona haya, lakini nimeahidi kuungama. Mimi pia nilinunua tikiti. Hamsini. Nilijiambia kama naamini maneno yangu, niyaamini kwa mfuko. Tangu siku hiyo sikumtazama tena mtoto. Nilitazama nambari inayotembea.

Nikibeba vikapu vya sadaka nilikuwa najificha nyuma ya kichaka cha mianzi, napunguza kilicho chake. Chakula cha sadaka hakitupwi, ni dhambi. Nikakila. Miguu ya nguruwe, mayai, wali wa nazi, kila asubuhi, kwa ajili ya afya ya mtoto. Siku ya nane suruali yangu ilikataa kifungo.

Mtawa Mkuu alinikuta huko kichakani, mdomo umejaa.

"Khamphan. Unafanya nini?"

"Mmsaidia mmtoto, Baba Mtukufu."

Hakukaripia, na heri angekaripia. Jioni hiyo alikaa na mpwa wangu ngazini. Nilisikia kwa mbali akimwuliza kitu ambacho mimi, katika mbio zote zile za nyati na makufuli, sikuwahi kumwuliza: "Wewe mwenyewe unatakaje?"

Jibu sikulisikia. Ila kesho yake sadaka yote ya watawa ilimwagwa kwenye sinia moja kubwa, wakala kumi na wawili pamoja, kila mmoja akijipakulia. Madumu ya akina mama yakapokelewa kwa heshima, yakatumiwa kumwagilia maua. Jioni ni maji. Saa kumi, mafagio ya Mzee Phrom mikononi, watawa wadogo wanafukuzana na majani makavu uani, wanacheka, mpaka vumbi linafunika paa.

Mimi hayo sikuyaona. Nilikuwa napiga hesabu ya tikiti yangu.

*

Siku ya mizani uwanja wa Mzee Phrom ulijaa kuliko siku ya mazishi ya diwani. Saa tano na nusu. Wachuuzi wameweka meza. Mstari wa watawa ukafika, Khanun katikati, mfuko wake wa bega ubavuni, anatabasamu kwa kila mtu.

Akapanda. Mshale ukaruka: hamsini na saba!

Mama yangu akapiga kigelegele. Upande wa hamsini na moja wakaanza kulia. Nami moyo ukanidondoka hadi kwenye ndara.

"Ngoja!" Mzee Phrom akapayuka. "Mfuko! Mtawa avue mfuko!"

Khanun akauvua. Ndani mlikuwa na vipande vinne vya sukari guru, kila kimoja ukubwa wa tofali.

"Mtoto wa watu atembee bila hata cha kulamba?" mama yangu akajitetea, macho juu.

Akapanda tena. Hamsini na moja kamili. Mzee Phrom akarusha kofia hewani. Nami, katika ile fujo, nikajongea kama ninayepangusa vumbi, nikapenyeza kidole gumba cha mguu chini ya ubao wa mizani, nikainua kidogo.

Hamsini.

"Hamsini!" nikaguta. "Nilisema! Mimi Khamphan nikisema nimesema!"

"Na mguu wako unafanya nini hapo?"

Sauti ile naijua tangu nizaliwe. Nikageuka. Dada yangu Duean, begi begani, vumbi la safari usoni. Na mkono mwingine ameshika begi la pili, dogo, tupu. La mtoto.

Nikatoa mguu. Mshale ukarudi hamsini na moja.

"Hata hiyo si kweli," akasema mtu nyuma yake. Muuguzi Orathai alikuwa anashuka pikipiki, mizani ya zahanati kwapani. "Mzee Phrom, weka gunia lako la kilo hamsini hapo."

"La nini tena, binti yangu? Jua kali hili..."

"Weka."

Gunia likawekwa. Mizani ikasema arobaini na nane. Kila mwenye mpunga aliyewahi kupimiwa hapo akamgeukia Mzee Phrom polepole. Hiyo ni kesi nyingine. Ilimalizika kwa mtu kuogeshwa mtaroni, lakini si yangu.

Muuguzi akaweka mizani yake chini, akaisawazisha, akamwita mtoto. Hata wachuuzi waliacha kukoroga.

"Hamsini na tatu," akasoma. Kisha akamwambia aegemee nguzo, akapima urefu bila kumgusa. "Na ameongezeka sentimita moja na nusu."

Hamsini na tatu. Katika kijiji kizima hapakuwa na mtu mwenye hamsini na tatu. Watu walichana tikiti zao kana kwamba droo imekwisha.

"Vizuri sana!" muuguzi akamwambia mtoto, wala hakututazama sisi. "Unapumuaje ukipanda ngazi?"

"Sihemi tena, Shangazi. Na sikoromi. Wenzangu wameniambia."

Dada yangu alikuwa ananitazama mimi. "Ulisema hamsini."

"Dada..."

"Ulisema hamsini, au nimchukue. Maneno yako."

"Nani alisema hamsini?" Orathai akashangaa. "Mimi nilisema asizidi. Mtoto anarefuka, urefu utaufikia uzito wenyewe. Kilo nne kwa wiki sita? Ulitaka kumpunguza au kumfuta?"

Watu wakacheka. Mimi nikatafuta pa kuweka uso.

Dada hakucheka. "Nashukuru, Muuguzi. Lakini mwanangu nimemwacha na bibi anayemtilia matofali ya sukari mfukoni, na mjomba anayemchezea kamari. Khanun, njoo. Twende tukafungashe."

Akamnyooshea mkono.

"Usimguse!" Uwanja mzima kwa sauti moja.

Mkono ukabaki hewani. Mwanamke hagusi mtawa, hata mtawa akiwa na miaka tisa, hata akiwa amemzaa mwenyewe. Dada akaurudisha mkono kifuani taratibu. Miezi minane hajamwona mtoto wake.

"Kesho kutwa mnavua majoho," akasema kwa upole. "Nitangoja."

"Wenzangu watavua, Mama." Khanun alikuwa anatazama miguu yake. "Mimi sivui."

"Husemi kweli."

"Kweli. Hekaluni tunakula watu kumi na wawili sinia moja, na hakuna anayenitazama kinywani. Nikivua, Bibi ataniangalia nimalize, Mjomba ataniangalia niache, na wewe utanifungia. Mimi nataka kula tu, halafu nikafagie."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayetoa taarifa. Mama yangu akajifunika uso kwa kitambaa.

Dada akamgeukia Mtawa Mkuu. "Baba Mtukufu, nifanyeje?"

"Joho havuliwi mtu kwa nguvu, binti yangu. Mwulize atalivua kwa lipi."

Khanun akafikiri, kidole kwenye kidevu. Akaniangalia. Naapa yule mtoto alitabasamu kama ile sanamu ya langoni.

"Mjomba aingie yeye. Wiki tatu. Afagie, atembee peku, asile baada ya saa sita, na asipayuke. Akiweza, navua, na yeye atakuwa amejua ilivyo. Hapo naomba nibaki kijijini, tuwe tunakula sinia moja."

Vicheko vilivyopasuka vilitisha kuku. "Khamphan! Asipayuke!" watu wanashikana mbavu. "Mtoeni mtoto huko, atatuua kwa kicheko!"

Dada yangu peke yake alikuwa ananikazia macho, kavu kabisa.

"Sawa," akasema. "Ukiweza wiki tatu, mwanangu anabaki, na sisemi neno tena. Ukishindwa siku moja, hata saa moja, Baba Mtukufu atanisaidia kumwelewesha, na ninaondoka naye. Unasemaje?"

Ningesema nini? Nina kiburi, si wazimu. Lakini niliona lile begi dogo tupu likining'inia mkononi mwake, nikakiona na kile chumba, na mlango, na kufuli kwa nje.

"Nitaweza," nikasema. "Mimi nikisema..."

"Usimalize," akasema Khanun.

Mtawa Mkuu akaniashiria kigoda. Mtu akaleta bakuli la maji. Mtu mwingine, kwa furaha iliyozidi kiasi, akaleta wembe. Nilipokaa kigoda kililia, na Mtawa Mkuu akalitazama jua lililosimama wima juu ya mashine ya mpunga.

"Ni saa sita na dakika tano," akasema. "Umekwisha kula chakula cha mchana, Khamphan?"

"Bado, Baba Mtukufu. Nilikuwa nangoja mizani."

"Pole. Basi ni hadi kesho alfajiri."

Wembe ukagusa paji la uso. Na hapo, kwa nyuma, upande ambao upepo unatokea, nikasikia jani la mgomba linafunguliwa polepole, harufu ya kuku wa kuchoma ikanijia puani, na sauti ya mama yangu ikaninong'oneza: "Fungua mdomo, mwanangu. Bado hujawa mtawa."